Mguu wa Dada na Grupu la Ukoo

Watu walimwita Sponji, na jina lilimkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi makochi. Mchana kutwa alishinda kwenye karakana yake ya bati, akivua vitambaa vilivyochakaa, akikaza springi zilizolegea, akikata sponji kwa kisu kirefu. Jioni alirudi nyumbani na vumbi la makochi ya watu kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa makuu. Ila alikuwa na donda moja: hakupenda kuchekwa.

Ndiyo maana alitoka kwenye grupu la ukoo. Kwenye harusi ya binamu yake usingizi ulimchukua kitini, mdomo wazi, na ndugu mmoja asiye na kazi akampiga picha. Haukupita muda picha ikageuzwa stika. Mtu akichelewa kujibu, anatumiwa Sponji. Mtu akisema kachoka, Sponji. Hata shangazi yake, mama mtu mzima wa kuheshimika, aliituma kumtakia mtu mchana mwema. Sponji akaandika, "Jamani, acheni huo mzaha." Wakamjibu kwa stika ileile. Akajitoa, simu janja akaitupia kabatini, akarudia ile ya batani ya kupiga na kupokea.

"Mwenye shida na mimi atanipigia," alimwambia mkewe.

Mwanzoni alijiona mjanja. Kila mteja aliyekaa akiinamia simu alihubiriwa mpaka akajuta kuleta kochi lake. Simu ya batani nayo ikatulia. Ikalia mara mojamoja, halafu ikawa ya wateja tu. Hakulitia hilo maanani. Dada yake mkubwa, yule aliyembeba mgongoni wakati mama yao akiwa kazini, naye alikuwa kimya. Sponji akasema moyoni, akinikumbuka atapiga.

Siku moja mwalimu aliyewahi kuwa jirani wa dada yake alifuata kochi lake karakanani. Alilikalia, akalisifia, kisha akasema, "Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi?"

"Dada yako. Tangu wamkate mguu sijapata nafasi ya kwenda kumpa pole."

Sponji alikuwa ameshika stepla. Akaiweka chini taratibu. "Mguu gani?" akauliza, kana kwamba jibu lingesaidia kitu.

"Wa kushoto. Sukari ilimzidi. Si umeshakuwa mwezi sasa?" Mwalimu alimwangalia usoni, akaelewa, akatamani ardhi immeze.

Sponji alifunga karakana jua likiwa juu. Nyumbani alimkuta bintiye, aliyekuwamo kwenye lile grupu, akifua uani.

"Shangazi yako kakatwa mguu na wewe unafua tu?"

Binti aliacha nguo kwenye beseni, akakausha mikono, akafungua simu. Alipekua kwa kidole, akapekua tena, kisha akaketi kwenye ngazi. "Mungu wangu. Kweli habari iko huku. Baba, mimi hili grupu nililizima sauti. Watu wanatuma maua na salamu tangu asubuhi. Habari yenyewe iko katikati ya tangazo la dawa ya mende na mtoto anayecheza muziki."

"Si ndiyo nilisema? Hivi vitu ni takataka!"

"Sasa baba, kama ungekuwemo usingejua?"

"Wewe ulikuwemo. Ulijua?"

Binti akarudi kwenye beseni. Mke wa Sponji alitokea mlangoni, akasema kwamba badala ya kubishana na mtoto angeenda kumwona dada yake. Sponji akaenda.

Alimkuta sebuleni, amekaa kwenye kochi la zamani lililobonyea katikati, shuka miguuni. Shuka ilikuwa na umbo la mguu mmoja. Sponji alikuwa amejiandaa kugomba, akajikuta anaketi ukingoni mwa kiti.

"Umekuja," dada alisema. Hakutabasamu.

"Nimeambiwa na mteja, dada. Mteja!"

Shemeji yake, mume wa dada, alijitetea kutoka jikoni. "Tuliweka kwenye grupu, shemeji. Ilikuwa patashika, daktari anataka saini, nani angempigia mmoja mmoja?"

"Kwani mimi ni grupu? Namba yangu si unayo?"

"Nilijua wengine watakuambia."

"Wengine nani?"

Kila mtu alikuwa amemwachia mwenzake.

"Na walikuja wangapi, hao wa grupu?" Sponji akaendelea, akiona ameshinda. "Walituma vipicha vya viganja vya kuomba, basi."

"Wengi walituma viganja," dada alikubali. "Lakini nisikilize, mdogo wangu. Nikiwa hospitali vidole vya mguu ambao haupo vilikuwa vinaniwasha. Nalia, nataka kuvikuna. Shemeji yako akadhani akili imeruka. Muuguzi akaniingiza kwenye grupu la watu waliokatwa kama mimi. Kuna mama humo sijawahi kumwona kwa macho. Akaniambia hata yeye vinamwasha, nisiogope. Ananifundisha kufunga bendeji, ananipigia kwa video, tunalia, tunacheka. Huyo ninaye kila siku." Alimtazama. "Wewe nilidhani bado umenuna kwa ajili ya ile picha. Nikasema, nikimpigia ataona namlazimisha. Simu yako nayo haikulia hapa hata siku moja."

Hilo lilimchoma. Alitafuta wa kumlaumu, akakuta kila anayemshika anateleza: grupu, binti, shemeji, na yeye mwenyewe kwa kukaa akingoja kupigiwa. Hasira ilimjaa na haikuwa na pa kutua.

Dada alitaka kwenda msalani. Akashika magongo, akajiinua, kochi likamvuta chini. Akajaribu tena, likammeza. Shemeji akaja kumwinua kwapani, dada akageuza uso ukutani kwa aibu.

"Kochi hili limekufa," Sponji alisema kwa ukali, kama linamsikia. Lilikuwa chini mno, na laini kama uji.

Kesho yake alirudi na vifaa. Alilivua, akaongeza miguu ya mbao, akatandika sponji ngumu, akaweka mkono imara upande wa kulia wa kushikilia. Dada alijaribu. Akainuka mwenyewe, akitetemeka, akasimama. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kupumua ni kulipiga kochi picha.

"Unapeleka wapi?" Sponji akauliza.

"Kwa wenzangu. Wengi wanateseka kwenye makochi kama lile."

Sponji alitaka kugomba, akaanza kukusanya vifaa vyake. Kwenye grupu la ukoo hakurudi, na hakubembelezwa. Walikubaliana jambo moja tu: shemeji atakuwa anapiga simu.

Na shemeji akapiga, Jumapili iliyofuata.

"Kuna nini?" Sponji aliruka kitini.

"Hakuna kitu. Si ulisema nikupigie?"

"Ehee."

"Basi ndiyo nimepiga."

Wakanyamaza wote wawili, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyohema, hakuna aliyejua aseme nini wala nani akate kwanza.