Filamu Niliyoshindwa Kuitafsiri

Mama yangu hakuwahi kuifurahia kazi yangu, na kosa halikuwa lake. Mimi ni mtafsiri wa filamu kwenye banda la video Makambako. Picha inakwenda, nami naisemea kwa Kiswahili mwanzo mwisho. Mama anaishi Kichiwa, na masikio yake yalishaziba. Angecheka na nini? Roho iliniuma. Nilitaka, walau mara moja, acheke kwenye filamu niliyoileta mimi.

Ndipo nikakutana na kazi za mwongozaji mmoja wa Hollywood ya mwanzo kabisa, enzi za filamu zisizo na sauti. Nilisoma habari zake kwenye simu, nikampenda kama ndugu. Alianza kama fundi seremala, akipigilia kuta za mbao za kuigizia nyumba. Siku moja mwongozaji wao akaugua, yeye akaambiwa ashike nafasi yake. Mimi nami nilikuwa napigilia makreti ya parachichi hadi siku mtafsiri wa banda alipopata homa, kwa hiyo tulielewana. Alitengeneza vichekesho vifupi vifupi, karibu kila wiki kimoja, mpaka filamu zilipoanza kusema. Mabosi wakamwona wa kizamani. Akarudi kwenye useremala, akawa anawatengenezea majirani makabati, na inasemekana alizeeka na furaha yake. Hapo nilimpenda zaidi.

Jumapili moja baada ya ibada niliazima ukumbi wa kanisa Kichiwa. Watu walitoa mablanketi yao tukaziba madirisha, na kwa baridi ya kwetu hiyo si sadaka ndogo. Mama nikamketisha mbele, kando yangu. Nikawasimulia maisha ya yule fundi, kisha nikawasha projekta kuonyesha kichekesho chake kimoja.

Kwenye picha, bwana harusi anahangaika kuingiza kitanda kwenye mlango mwembamba. Mimi huyo na maiki: "Subirini, sasa hivi anaanguka!" Watu wakacheka kabla hajaanguka. Mama akahisi benchi likitikisika, akageuka kuwatazama, akatabasamu kwa adabu. Aliporudisha macho, bwana alikuwa chini tayari. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Nilimwona kabisa, na bado mdomo haukukoma. Mazoea, jamani!

Basi mama akaushika mkono wangu wenye maiki, akaushusha hadi mapajani pake. Akasema kwa Kibena, kwa sauti ya juu ya mtu asiyejisikia: "Mwanangu, hebu nyamaza. Unawachekesha wenzangu kabla yangu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikazima maiki.

Ukumbi ukatulia. Yule bwana akachukua msumeno, akakata kitanda vipande viwili, akaviingiza ndani kwa madaha. Akageuka na kumkuta bibi harusi amesimama nyuma yake. Mama akaangua kicheko, wa kwanza kabla ya wote, khanga ikamdondoka begani. Machozi yalinitoka, sifichi.

Nikataka kuiokota ile khanga. Nilishindwa, kwa sababu mkono wangu alikuwa bado ameubana palepale, nisije nikaanza tena.