Ubeti Wangu Katika Makala ya Wekesa

Nilimwahidi mchumba wangu Rahel, mpiga taipu katika ofisi ya gazeti mjini, kwamba sitamwonea Wekesa wivu tena. La sivyo, uchumba umekwisha.

Wekesa, mwalimu mwenzangu, huchapishwa katika gazeti hilo kila wiki. Mimi, mara moja tu, shairi. Juzi nikaona ubeti wa shairi langu hilo katikati ya makala yake ya uhakiki. Nikatoka shuleni kwetu Dagoretti mbio hadi kwa mhariri.

“Wekesa ni mwizi! Sheria inanilinda!”

“Sheria hiyo hiyo inamruhusu mhakiki kunukuu, mwalimu, akimtaja mtunzi. Ulisoma mpaka chini?”

Sikuwa nimesoma. Rahel akanisomea, mbele ya ofisi nzima: “Mtunzi ni rafiki yangu Yosia, anayenizidi kipawa.”

Kisha akaniuliza, “Na ahadi yako, Yosia?”

Ndugu msomaji, ukimfahamu Rahel, tafadhali niombee msamaha.