Nilivyoinua Lori Kabla ya Arobaini

Sogea karibu, wewe unayesikiliza, maana jambo hili nitalieleza polepole, na kama hujawahi kushika spana maishani mwako usiogope. Hata mimi nilianza bila kujua. Nilikuwa na lori kuukuu, chumba cha kupanga Pongwe, na mke aliyekuwa kwao milimani, mbele ya Muheza, amekwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Ndiyo desturi yetu: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, na mume huenda kumchukua mkewe zikitimia siku arobaini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Habari ya mtoto niliipata kwa mchuuzi wa ndizi aliyeteremka kutoka huko.

"Hongera, ni binti," aliniambia, huku akipanga mikungu yake. "Mama yake mzima, anakusalimu."

Akamgeukia mnunuzi. Nilisimama pale kidogo nikitaka aseme zaidi, mtoto anafanana na nani, analia sana au halii, lakini mtu yule alikuwa kazini. Nilirudi chumbani nikakifagia, ingawa nilikuwa nimekifagia asubuhi. Wakati ule nilikuwa bado napika wali wa watu wawili. Mkono ulikuwa umezoea kile kipimo, na wa jioni nilikuwa nikiula asubuhi, umepoa.

Siku ya kumi na nane nilipakia mchele na kanga mbili nikaenda. Sikutegemea kumwona mtoto, maana kwao mlango wa mzazi haufunguliwi mkwe kabla ya arobaini. Nilitaka tu kufikisha vitu na kuijua njia. Masika ilikuwa imepamba moto. Baada ya Muheza, matrekta ya mashamba ya mkonge yalikuwa yameichimba barabara mifereji miwili, na katikati likabaki tuta. Lori langu lililalia tumbo juu ya tuta hilo, magurudumu yakazunguka hewani kama miguu ya kobe aliyepandishwa juu ya jiwe. Watu walinivuta kwa mnyororo kinyumenyume. Mchele na kanga nikampa mpita njia aliyekuwa akienda kwa miguu, na nikamtazama mpaka alipopotea kwenye mvua. Yeye angefika kwenye ua wa wakwe zangu, mimi narudi Pongwe.

Kwa miguu hata mimi ningefika. Lakini mama na kichanga nisingeweza kuwarudisha kwa miguu katika tope lile. Na nilikuwa nimeahidi: siku ya arobaini, si ya arobaini na moja.

Sasa tuingie kazini. Watu wengi hudhani ukiinua springi, gari zima linapanda. Sivyo. Lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, mafundi huliita difu, linakaa juu ya magurudumu, halikai juu ya springi. Kitakachoinua difu lipite juu ya tuta ni tairi kubwa peke yake. Basi springi unaziinulia nini? Unazitafutia hizo tairi kubwa nafasi, zisisage madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, wala bodi. Ukilielewa hili, umeelewa nusu ya kazi, na hutapoteza siku kama nilivyopoteza mimi.

Matairi nilikuwa nayo manne, pamoja na rimu zake, ya lori la jeshi, yaliyobaki baada ya vita. Niliyapata kwa kumbebea mwenyewe mawe ya kujengea nyumba, safari baada ya safari. Nyuma nilivua yale magurudumu pacha nikafunga moja moja, ili gurudumu la nyuma lifuate mkondo wa la mbele, lisichonge tope jipya. Mzigo utabeba mdogo zaidi, lakini mzigo wangu ulikuwa mama na mtoto.

Mbele usiweke kipande cha kitu chochote kati ya springi na ekseli, maana mbele ndiko kuna usukani na ndiko breki inakosukumia uzito. Mbele ongeza springi yenyewe. Springi ya lori ni vyuma virefu vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Nilikwenda kwenye lori bovu la aina ileile nikafungua vyuma viwili, nikaongeza kimoja kila upande, na pua ya lori ikanyanyuka. Nyuma ndiko unakoweza kuweka kipande kati ya springi na ekseli, kisha ukakibana kwa zile nondo zilizopinda, tunaziita yubolti. Yubolti zangu zilikuwa fupi, nikamwendea mhunzi wa shambani.

Mhunzi huyu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kwa mkataba wa mkonge, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Watu wa kwao na sisi wa pwani tulikuwa watani, kwa hiyo hatukuwahi kuamkiana kama watu wenye adabu.

"Mla samaki," aliniita, "leo umeleta nini kilichooza?"

"Nimekuletea kazi, mtani, uache kulala juu ya mkaa."

Alinikunjia yubolti nne ndefu. Akaniuliza kipande cha katikati nitakitoa wapi. Nikamwambia ninacho.

Na hapa ndipo nilipokosea, kosa la mtu wa kwetu. Mimi nimezaliwa Tongoni. Nyumba niliyokulia dari lake lilikuwa boriti za mkoko, na boriti zile babu yangu alizikuta. Kwetu, ukitaka kusema kitu ni kigumu, unasema mkoko. Nilikuwa na boriti moja nzuri kutoka nyumbani. Nilikata vipande viwili vifupi, nikavichonga bapa juu na chini, nikatoboa tundu la kupokea pini ya springi, nikaviweka na kuvibana kwa nguvu zangu zote. Kazi hii niliifanya mchana wa mvua, peke yangu, nikiongea na lori. Nililiambia, shikilia hapo. Nililiambia, ngoja. Siku nzima ile sikumwambia binadamu neno.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Niliendesha kujaribu. Nilipokanyaga breki kabla ya daraja, nyuma kulilia *kwaa*, na lori likainama upande mmoja kama mtu aliyeteguka nyonga. Kipande cha kulia kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini.

Mhunzi alikuja mwenyewe, akachungulia uvunguni, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mswahili! Nyumba ya babu yako ndiyo umeipakia huku?"

"Boriti hii inabeba nyumba miaka mia, mtani."

"Nyumba haipigi breki!" Alichomoa kibanzi akanionyesha. "Boriti hubeba ikiwa ndefu, nzima. Wewe umeikata kama muhogo, halafu umeikamua kama limau. Ilikukosea nini?"

Kisha alikitupa kile kibanzi. Akaniuliza mtoto ni wa siku ngapi, nikamwambia. Akasema yeye mama yake hajamwona tangu alipopanda gari moshi kuja huku, na kwamba hajui siku hizi anafananaje. Alisema hivyo akiwa anapangusa mikono. Kesho yake alinipa vipande viwili vya chuma kizito, alivyovikata kutoka kitako cha mashine ya zamani ya kusaga mkonge iliyotupwa. Alikuwa amemwomba msimamizi, akaruhusiwa. Vilikaa kana kwamba lori lilizaliwa navyo.

Wewe ukifika hapo, fanya mambo mawili. Inua gari kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, utazame mipira ya breki: ikivutika kama kamba ya ng'ombe mkaidi, ni mifupi, tafuta mirefu. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, tairi lisiguse kitu. Baada ya safari ya kwanza, kaza yubolti tena. Nilifanya yote. Nilitandika kanga mpya juu ya kiti cha abiria, nikaondoka asubuhi ya arobaini.

Lile tuta nililipita. Nilisikia majani yake yakipapasa difu, basi. Nilipiga kelele ya furaha ndani ya kebini, na hapakuwa na wa kuniitikia.

Ua wa wakwe ulikuwa umefagiwa. Mama mkwe hazungumzi na mkwewe uso kwa uso. Alisimama nyuma ya mlango, kanga kichwani, na mimi nikainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mke wangu alitoka akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na alikuwa macho, akitazama sikio langu. Kisha mke wangu akaenda kwenye lori, akafungua mlango, akasimama. Sakafu ya kebini ilimfika kifuani. Kile kikanyagio cha zamani nilikuwa nimekifungua, kwa sababu tairi la mbele lilikuwa likikigonga, nami nilikuwa nikirukia ndani kwa kushika usukani.

"Baba mtoto," aliniuliza taratibu, "mguu niuweke wapi?"

Nilimpa mtoto, nikaleta kinu, nikakigeuza. Mama mkwe akaanza kusema na kuku zake.

"Hapa kinu kipo, enyi kuku. Huko kwenye tope, lori likikwama na watu wakaambiwa washuke, mzazi wa siku arobaini atarukia nini, na mtoto mkononi? Mwenye gari amelipima kwa miguu yake. Aende akapime kwa miguu ya mwenzake."

Ilikuwa kweli. Siku zote zile nilipima tairi, nikapima springi, nikapima tuta. Lakini nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu kiasi kwamba kila nilipofikiria mtu anapanda lori, nilijiona mimi.

Mke wangu na mtoto walibaki. Nilishuka mlimani na ile kanga mpya kitini, imekunjika pale nilipoegemeza mkono wangu. Njia ilipitika vizuri sana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kilichobaki cha ile boriti kilikuwa kirefu na kizima. Nilikilaza chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi, nikakining'iniza kwa vyuma viwili ambavyo mtani alivikunja huku akiniuliza kama leo nimepakia kibanda cha bibi. Boriti ilipolazwa hivyo, ndefu, ilibeba. Siku ya hamsini na mbili mke wangu aliukanyaga mkoko wa Tongoni, akapanda, mtoto mkononi, bila kushikwa.

Sasa niko peke yangu tena, nami napika wali wa mtu mmoja, lakini hayo ni ya uzee. Kazi yako ni hii: ukishainua gari lako, na kabla hujakaza nati ya mwisho, mwite mtu mfupi kuliko wewe, mpe mzigo mkono mmoja, mwambie apande. Pale mguu wake utakapotafuta pa kukanyaga ukakosa, tia alama kwa chaki, ufunge kipandio hapo.