Muuguzi Aliyetufundisha Kutokimbia

Habari zilinifikia Jumanne nikiwa Mbarara: yule muuguzi Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale amefariki kwa shinikizo la damu. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mjane kutoka Kivu Kusini, mwenye shamba dogo la mahindi, na kwa miaka kadhaa aliwakusanya akina mama wa kwaya, washonaji na waendesha bodaboda akawafundisha kumwokoa mtu aliyezidiwa na heroini au vidonge vikali vya maumivu. Kazi hiyo aliianza baada ya kumzika mdogo wake. “Alikufa fasi batu balikuwa mingi,” aliniambia, yaani mahali penye watu wengi. “Baliogopa polisi, bakamukimbia bote.”

Siku nilipohudhuria mafunzo yake kanisani, alijilaza mwenyewe mkekani, akatuonyesha jinsi pumzi zinavyopungua, kisha akamwomba mchungaji amgeuze alale ubavu. Mchungaji akasita. “Mama, hapa si unawafundisha vijana kuzoea dhambi?” Akamjibu akiwa bado chini: “Pasta, mutu mwenye amekufa hawezi kutubu. Unigeuze.” Mchungaji akapiga magoti, akamgeuza.

Mimi niliandika yote hayo daftarini, nikarudi nyumbani nikijiona nimeelimika. Wiki chache baadaye, asubuhi moja pale Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, nilimkuta kijana amelala kando ya barabara, akikoroma kwa kukatakata. Nilijisemea ni mlevi, nikapita. Jioni nikasikia amekufa, na sindano imekutwa mfukoni mwake. Nilirudi Nakivale kumweleza mama yule, nikitumaini kwamba angenifariji. Aliniuliza neno moja tu: “Ulimugusa?” Nikasema hapana. Akaniwekea kiti mstari wa mbele. “Ukae. Tunaanza tena.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila katika ugonjwa huu anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine. Sisi tunaficha kwa sababu ya heshima ya familia, ya kanisa, ya mtaa. Tunamwita mtu mlevi ili tupate ruhusa ya kupita. Sijui mama wa kijana yule ni nani, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumtafuta. Aliyeweza kunisindikiza kwake naye tumemzika juzi.

Basi nawaachia alichonifundisha, nami nikachelewa kukishika: ukimkuta mtu amelala njiani, mguse bega, umwite. Asipoitika, ita msaada, ubaki naye. Mengine utamuuliza akiamka.