Kigoda cha Mama wa Omena

Kabla sijawa mwenyekiti, soko letu la Kongo, hapa Kawangware, lilikuwa soko la mawe. Ukipita alfajiri ungeyakuta yamejipanga kando ya barabara, kila jiwe limemshikia nafasi mtu ambaye bado amelala. Wengine walishikiwa nafasi tatu. Moja wanauzia, mbili wanakodisha.

Mimi ndiye niliyeyamaliza. Nilizaliwa Kibera, chumba kimoja kinachotazama madirisha ya magorofa ya Highrise. Nilienda Doha kufagia ghala, nikaondoka nikiwa msimamizi wa ghala hilo hilo, na diploma niliyoisoma wenzangu wakicheza karata. Mtu kama huyo hashindwi na mawe. Niliitisha mkutano wa chama cha wachuuzi tukapitisha sheria moja: nafasi isiyo na muuzaji na bidhaa kufikia saa tatu asubuhi, anapewa anayeihitaji. Mawe yakatoweka. Watu wa masoko mengine walikuja kuniuliza nilifanyaje.

Lakini mimi si mtu wa kukaa. Duka letu la sufuria hulikalia mke wangu. Mimi nalizunguka soko, natazama mtaro, naamua ugomvi, naondoka kabla haujapoa. Hata chai nainywa nimesimama.

Kisha mama wa omena, muuza dagaa wetu, akafiwa na mama yake, kule ziwani. Nafasi yake ilikuwa ya kona, pale watu wanaposhukia wakitoka kazini. Kwa desturi yetu, mfiwa akisafiri, majirani hutandaza leso yake mahali pake, na hapaguswi mpaka arudi. Alinishika mkono kabla ya kupanda basi.

"Chairman, kona yangu."

"Mama, nenda uzike. Mimi niko."

Kesho yake muuza viatu vya mitumba, aliyehamia kwetu kutoka Kibera na alikuwa hajapata nafasi, alisimama mbele ya ile leso na gunia lake begani.

"Saa tatu imepita, chairman."

"Huoni leso? Mwenyewe amefiwa."

"Pole yake. Lakini leso inauza omena? Ama sheria ni ya sisi watu wa kuja pekee?"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia. Nikimkatalia, kesho mawe yote yangerudi, kila jiwe na msiba wake. Nikimkubalia, mama angetoka kumzika mama yake aje kukuta viatu kwenye kona yake.

Nikamwambia mama mboga, jirani yake, anitolee gunia la omena aliloachiwa. Nikamwaga omena juu ya leso, nikavuta kigoda, nikakaa, na suruali yangu ya pasi.

"Haya. Muuzaji huyu, bidhaa hii."

Muuza viatu alishusha gunia lake karibu yangu, akangoja. Alikuwa ananijua.

Nimepakua makontena kwenye jua la Ghuba, lakini sijaona kazi ngumu kama ile ya kukaa. Magoti yalicheza yenyewe. Nikasikia watu wakigombania mwavuli kule chini, nikainuka. Kabla sijapiga hatua, kiatu kimoja kikatua ukingoni mwa leso.

"Umesimama, chairman? Unaenda?"

"Nanyoosha mgongo."

"Nyoosha tu, bro. Mimi sina haraka."

Nikakaa. Ugomvi wa mwavuli ukaisha bila mimi, jambo ambalo halikunifurahisha.

Mteja wa kwanza nilimpimia kwa haki, mkebe nimeusawazisha kwa kiganja kama tulivyofanya ghalani. Akauangalia.

"Na ya paka?"

"Paka gani?"

Mama mboga aliangua kicheko. "Ongeza, chairman! Hapa mkebe una kilima, halafu kuna ya paka. Hata kama mtu hana paka!"

Nikaongeza. Na kwa kuwa sifanyi kitu nusunusu, kufikia jioni sauti yangu ilisikika mtaa mzima: "Omena ya ziwa, na ya paka ndani!" Siku zilizofuata foleni ilirefuka mpaka kwa muuza viatu, naye akawauzia waliokuwa wakinisubiri. Bado, kila nilipojigeuza kwenye kigoda, aliinua kichwa.

Mama alirudi wiki iliyofuata, akanikuta nimekaa. Alitazama kilima kwenye mkebe.

"Chairman, hao paka wako wanakula kuliko mimi. Haya toka, nimerudi."

Nikainuka. Nililizunguka soko juu na chini bila kusimama popote, mpaka mke wangu akaniuliza nani ananifukuza.

Miezi michache baadaye muuza viatu alinifuata nikiwa katika mizunguko yangu. Wakati huo alikuwa ameshapata nafasi yake, karibu na mtaro. Macho yalikuwa mekundu. Kaka yake alikuwa amefariki, na basi la kwenda kwao magharibi lilikuwa linajaza abiria. Alivitazama viatu vyake, akanitazama.

"Chairman, viatu unajua kuuza?"

"Nina diploma," nikamwambia. "Niachie kigoda."