Uso wa Cucu Kwenye Tisheti

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, mwanangu, ukungu wa Nyeri umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko, nami nimesimama na pasi ya moto mkononi nikiuchukia uso wa mwanamke mzee ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Nakuita mwanangu na usicheke. Najua nimekupita miaka kumi na kidogo tu, na shule yenyewe niliiachia kidato cha pili. Lakini kwa kazi hii ya kuchapa tisheti mimi ni mzee, uliza kucha zangu. Na kwetu husemwa mwerevu ni yule aliyeshauriwa. Basi kaa hapo juu ya katoni, nikwambie jambo ambalo sijivunii.

Tulianza kibanda tukiwa wawili, mimi na Nyawira. Yeye alitoka Gakindu, kwenye mashamba ya kahawa, mimi nikiwa mtoto wa hapa hapa mjini. Kilichotuunganisha ni hip hop. Tulikuwa tukisikiliza mistari ya kurap tukiichora: herufi nene zilizovimba kama mandazi, zenye kivuli na matone ya rangi, kama zile wanazopuliza vijana ukutani kwa mikebe ya rangi. Kila mmoja alichora picha zake. Nyawira ndiye alichanganya wino na kuuvuta kwa raba juu ya skrini, ile fremu ya kitambaa chembamba inayopitisha wino, kwa sababu mkono wake haukutetemeka. Mimi nilishika pasi. Na ndani ya shingo ya kila tisheti, iwe yake au yangu, tuligonga alama moja ya kibanda, mlima wenye vilele vitatu.

Sasa hapo kwa pasi nisikilize vizuri. Wino ule ukikauka kwa upepo unaonekana umeshika. Unadanganya. Lazima uweke karatasi juu ya picha, ukandamize pasi ya moto, utulie, usogeze, utulie tena, mpaka joto lizame kwenye uzi. Tisheti ambayo haijapigwa pasi hivyo ni nzuri kwa macho tu. Ikiingia kwenye beseni, picha inaondoka na maji.

Mwaka huo walikuja vijana wa Nanyuki, kikundi cha kurap na kuchora kuta. Walikuwa na onyesho, wakataka tisheti arobaini za picha moja. Kiongozi wao alikuwa Mwenda, Mmeru mmoja mrefu wa maneno mengi. Akasema tuchore kila mtu yake, halafu wao wachague.

Mimi nilichora simba. Simba amevaa taji, mnyororo wa dhahabu shingoni, maikrofoni kwenye makucha, moto nyuma yake. Wiki nzima nililala nikimwota yule simba. Nyawira alichora cucu yake, yaani bibi yake mzaa baba. Alimchora akiwa na kitambaa chake cha kichwa, kikapu cha kahawa mgongoni, kamba ya kikapu imekaza kwenye paji la uso, na juu ya kitambaa amevaa hedfoni kubwa kama za didjei. Macho ameyafumba kidogo, kama mtu anayesikia kitu kizuri ambacho wewe hukisikii. Chini, kwa zile herufi zilizovimba, aliandika GAKINDU.

Lazima ujue pia kwamba Nyawira amebeba jina la huyo cucu. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi, yeye na bibi ni mtu mmoja. Kwa hiyo alikuwa amechora bibi na amejichora mwenyewe.

Mwenda alizitazama picha mbili, moja baada ya nyingine. Halafu akagonga ile ya cucu kwa kidole.

"Maze, hii imeweza," akasema.

"Na simba?" nikauliza, nikijifanya sijali.

"Simba ni poa, Wangeci. Lakini simba tumezoea. Hata blanketi ya shosho yangu iko na simba."

Wenzake walicheka kusikia simba wangu ni wa blanketi ya bibi, mpaka mmoja akakaa chini. Nyawira hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, na mwanangu, ile huruma ndiyo iliniuma kuliko kicheko. Mtu akikudharau unaweza kumtukana moyoni ukapoa. Akikuhurumia utamfanya nini?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilijua simba wangu alikuwa anajitembeza. Nilijua pia asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali zote nilikuwa nazo, lakini wivu hausomi methali. Ulinikalia hapa, chini ya mbavu, kama ugali ambao haukuiva. Nikimwona Nyawira anakunywa chai, naona anakunywa kwa madaha. Akiimba, naona ananiimbia mimi. Wanafunzi wakipita kibandani na kusema cucu huyo ni mkali, nasikia wakisema simba huyo ni wa blanketi.

Ndiyo maana ile asubuhi ya ukungu nilipoachwa na tisheti arobaini, Nyawira akiwa ameenda kutafuta wino, nilizipitishia pasi juu juu. Sio ati nilisahau. Nilizipangusa tu, moja baada ya nyingine, vile unapangusa vumbi kwa meza ya mgeni usiyempenda. Nikazikunja vizuri. Halafu nikachukua tisheti tatu za simba nilizojichapia, hizo nikazipiga pasi mpaka jasho likanitoka.

Onyesho lilienda vizuri, na hilo nalo liliniuma. Arobaini walisimama pale Nanyuki, na cucu arobaini walifumba macho vifuani mwao. Watu walikuwa wanawasimamisha wawapige picha. Hata wanajeshi wawili wa kigeni kutoka kambini waliuliza kama zinapatikana kubwa. Nyawira alilia kwa furaha, akanishika mkono, akasema bila pasi yangu asingefika popote. Nikatabasamu. Ninaona aibu mpaka leo kwa lile tabasamu.

Wiki iliyofuata zikafuliwa. Mwenda alitutumia picha kwa simu. Cucu hana mdomo. Cucu hana jicho. Cucu amebaki hedfoni. Vijana mitandaoni walifanya mzaha, ati cucu amehama Gakindu. Nilidhani watamcheka Nyawira. Lakini hakuna aliyesema picha ni mbaya. Waliigeuza shingo ya tisheti, wakaona mlima wa vilele vitatu, wakasema kibanda kile ni cha wakora. Hata mteja mmoja aliyekuwa amenunua simba wangu, simba aliyepigwa pasi mpaka kiini, alimrudisha hata kabla hajamfua.

Nyawira hakunishuku. Aliketi kwenye ndoo akasema amekosea kuchanganya wino, mkono wake ni wa bahati mbaya, hawezi hata kumhifadhi bibi yake kwenye nguo. Alichukua daftari lake la michoro, akalifunga kwa kamba, akalitupa juu ya kabati. Akasema hachori tena, kuna hoteli Nanyuki inatafuta watu wa kutandika vitanda na ataenda Novemba ikiisha. Alisema kwa upole, kama mtu aliyeamua kitambo. Nami nilikuwa na maneno matatu tu ya kumwokoa, sikupiga pasi, nisamehe, na yalikataa kutoka.

Ndipo cucu mwenyewe akaja. Alipanda gari kutoka Gakindu na mfuko wa ndizi, na ndani ya ndizi tisheti yake, kwa sababu Nyawira alikuwa amempa moja ya ziada, iliyopitia pasi yangu pamoja na zile arobaini. Nyawira alikuwa ametoka. Cucu akaifungua mbele yangu, akalaza kiganja pale uso wake ulipokuwa.

"Mama, mniwie radhi," akaniambia. "Niliifua na mkono ya shamba. Nilisugua sana kwa sababu nilitaka niende nayo kanisa ikiwa safi. Nimeharibu kazi yenu."

Mzee wa miaka themanini ananiomba msamaha kwa dhambi yangu. Nikamwambia si kitu, cucu. Nikamchemshia chai. Mwanangu, kama kuna siku nilikuwa mtu mdogo, ni siku ile.

Kwa vile sikuwa na ujasiri wa kusema, nilijiadhibu kwa kazi. Novemba kahawa ilipoiva nilimwambia Nyawira nitaenda naye Gakindu kuchuma. Tulichuma tangu umande, na alasiri tukabeba magunia hadi kiwandani. Kama hujafika huko, nikueleze. Kabla kahawa haijapimwa kila mkulima anamwaga yake chini juu ya gunia, anapiga magoti, anatoa zilizo mbichi na zilizokauka, anaacha nyekundu peke yake. Baada ya hapo zote zinaingia tangi moja. Ya huyu na ya yule, hakuna tena kuzitofautisha. Zikiharibika, kijiji kizima kimeshuka daraja.

Tulimaliza za cucu. Nikadhani tunaenda. Lakini yeye alisogea kwa magoti mpaka kwenye lundo la jirani, mama mmoja ambaye nilikuwa nimemsikia siku nzima akijigamba ati miti yake inazaa mara mbili ya ya cucu. Cucu akaanza kumchagulia, kimya kimya. Jirani hakusema hata asante. Mimi nikakasirika kwa niaba yake. Nikamwuliza, cucu, huyu si ndiye alikuwa anakucheka? Muache aingize mbovu zake, apate aibu.

Akaokota punje mbichi, akaitupa kando.

"Miti yake inanishinda, ni kweli," akasema. "Hata mimi huwa nasikia roho ikiniuma nikipita hapo kwake, wacha nisikudanganye. Lakini tangi iko moja. Hiyo mbovu yake nikiifurahia, nitaikunywa mimi."

Nikawaza mlima wa vilele vitatu shingoni mwa kila tisheti. Nikamwona Nyawira amepiga magoti upande wa pili, anachagua na vidole vile vile visivyotetemeka, vidole ambavyo mwezi ukiisha vingekuwa vinatandika vitanda. Na yale maneno matatu yakatoka, pale chini, mbele ya cucu na mbele ya yule jirani mwenye majigambo. Nikasema sikupiga pasi. Nikasema nilifanya makusudi. Nikasema cucu hukuharibu kitu, Nyawira wino wako ulikuwa sawa, ni mimi, niliona wivu.

Nyawira hakunitukana. Alisimama, akapangusa magoti, akaenda akakaa kwenye ukuta wa kiwanda akiwa ametupa mgongo. Mimi nikabaki nalia kwenye kahawa ya watu. Cucu aliniacha nilie kidogo, halafu akasema kitu ambacho ndicho nilikuitia hapa.

"Wivu si dhambi yako. Wivu unakuja wenyewe kama homa. Dhambi yako ni kuupatia kazi ya kufanya na hiyo mikono. Ungemwambia huyu siku ile ile, 'Nyawira, umenishinda na inaniuma,' angekucheka kidogo, mngekunywa chai, iishe. Sasa enda kwake. Usimwombe akuambie ni sawa, kwa sababu si sawa."

Nilienda. Nikaketi kando yake ukutani. Mwishowe Nyawira alisema, bila kuniangalia, "Arobaini. Zote. Utachapa wewe, utapiga pasi wewe, na utazipeleka wewe kwa Mwenda umwambie kwa mdomo wako."

Nikauliza kama atachora tena. Akasema hiyo nisimwulize.

Nilichapa arobaini, na moja ya cucu juu yake. Nilizipeleka Nanyuki, nikamwambia Mwenda mbele ya wenzake, nao walinitania kiasi walichotaka, na ilikuwa haki yao. Niliporudi, daftari halikuwa juu ya kabati. Sikuuliza. Januari Nyawira alifungua kibanda chake mwenyewe Nanyuki. Hakurudi kwangu, na sikumlaumu, maana msamaha haukulazimishi kukaa tena nyumba moja. Lakini anachora. Leo picha zake zinavaliwa mpaka Doldol, huko kwa wafugaji, na wachunga mbuzi wa rika lako wamemvaa cucu mgongoni mbele ya mifugo. Tunapigiana simu. Akinionyesha mchoro mpya, bado kitu kinanikaza hapa chini ya mbavu. Namwambia, Nyawira, huu unaniuma. Anacheka, anasema basi ni mzuri.

Sasa nawe. Juzi nilikuona ukiitazama kazi ya mwenzako pale kwenye kamba, taya limekaza, halafu ukasema ni sawa tu. Najua hilo neno. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja mapema na alikuja amebeba tisheti. Nasaha yangu ni hii: usijidanganye ati huna wivu, na usijichukie kwa kuwa nao. Sogea karibu na hiyo kazi inayokuuma, uiangalie mpaka ujue inakuuma wapi, kwa maana hapo ndipo pana kitu hujajifunza. Halafu mwambie mwenye kazi hiyo, leo, kabla jua halijazama, kwa mdomo. Usiiachie mikono yako iseme kwa niaba yako. Na kama umeshamharibia mtu, usingoje mzee atoke mbali kuja kukuomba msamaha ambao si wake.

Nenda basi, mwenzako ameshaosha skrini, yuko peke yake pale nje. Mungu akupe kipaji, mwanangu, akupe na rafiki anayekuzidi, na akikupa rafiki huyo akupe na moyo wa kumtazama aking'aa.