Mafungu ya Nyota Mbele ya Askari

Askari aliyekuja kuniita darasani hakunieleza mengi. Alisema tu, "Mwalimu, kuna mama amekamatwa na karatasi zako." Niliweka chaki chini nikamfuata, maana nilijua ni mama gani na ni karatasi zipi.

Nilikuwa nimerudi kwetu kutoka Tanzania, nikifundisha fizikia Gisenyi, mji wa mpakani, na huku nikimalizia shahada yangu kwa mbali. Msimamizi wangu, aliyekuwa Ulaya, alinitumia picha zilizopigwa na darubini iliyoko angani, za galaksi iliyo jirani na yetu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafungu ya nyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja zikabaki pamoja, kuyazungushia penseli na kuyahesabu. Majibu niliyatuma kwa faksi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu simu za kwetu zilikuwa za kubahatisha. Jirani yangu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyevuka mpaka kila asubuhi na beseni lake, ndiye aliyenipelekea bahasha. Hakuwahi kuniuliza ndani mna nini. Nami, kwa ujinga wangu, sikuwahi kufikiri karatasi yenye madoa, miduara na namba ingeonekanaje miaka ile, waasi wakishuka kutoka milimani na kila mtu akimshuku mwenzake.

Nilimkuta ameketi chini kando ya kizuizi cha mpakani, beseni mapajani, samaki wameanza kunuka juani. Hakunitazama. Mkubwa wa askari alikuwa ametandaza karatasi juu ya magunia ya mchanga.

"Hizi ni kambi za nani?"

"Ni nyota, afande."

"Nyota!" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikaeleza habari ya darubini, ya galaksi, ya msimamizi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Nyuma ya karatasi alikuta namba niliyoiandika, arobaini na saba. Akaifunika kwa kiganja, kisha akatoa katika bahasha nakala safi ya picha ileile, isiyo na alama, akanisukumia.

"Hesabu mbele yangu. Ikitoka hii, mama anaenda. Isipotoka, mnalala ndani wote wawili."

Hasira zilinipanda, na hofu ikazizima palepale. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ile angejua kwamba huwezi kuhesabu picha moja mara mbili ukapata namba ileile. Fungu hafifu unaliona leo, kesho unaona ni doa tu. Msimamizi wangu alikuwa na sheria moja: hesabu upya kana kwamba hujawahi kuhesabu, na uandike ulichokipata, hata kikikuaibisha. Mimi niliishika sheria ile kwa majivuno makubwa. Niliwahi kuwaadhibu wanafunzi kwa kupika majibu ya maabara.

Nikaanza. Nikawa nagusa kila fungu kwa kidole na kusita kidogo kabla ya kuhamia jingine. Nilipofika kona ya mwisho nilikuwa na arobaini na matatu. Nikarudia ukingo mzima wa picha, nikitafuta manne yaliyobaki. Sikuyaona.

"Ngapi?"

"Arobaini na saba."

Akaondoa kiganja, akatazama, akanitazama.

"Sawa," alisema hatimaye. "Mtu mkweli hesabu yake haibadiliki. Nendeni."

Tulitembea mpaka kizuizi kikapotea nyuma yetu. Nilitaka kumwomba mama radhi, lakini kilichonitoka ni kilio. Akatua beseni, akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Mi nilikuwa nafwata kidole yako, mwalimu," alisema. "Ulifika makumi ine na tatu, kisha ukarudia kutafuta ingine."

Mwanamke huyu alipanga na kuhesabu mafungu ya samaki kila siku ya maisha yake. Nilipaswa kujua.

"Uliona nimekosa, ukakaa kimya tu?"

"Hapana," alisema. "Nilikuwa naomba Mungu uongope."